Sahihisho la Penseli

Ercilia, leo kinyozi wa mtaa wa Iriarte
ameimba maneno yangu akininyoa ndevu,
wembe kooni, macho nusu kayafumba,
na alipofika pale unapoondoka
bila kugeuka, na viatu vyako vyekundu,
akatikisa kichwa: Wanawake, bwana!
Nikanyamaza. Povu lilinisitiri.

Hukuwa na viatu vyekundu.
Ulikuwa na vile vya kahawia, kisigino kimeshonwa mara mbili
kwa uzi wa karakana ya Bi Otilia,
ulikokuwa ukitia vifungo makoti ya watu wengine.
Wekundu niliuleta mimi. Kina kilidai.

Na hukuondoka.
Hilo ndilo santuri hazilisemi, hata uzigeuze upande wa pili:
hukuondoka, ulingoja.
Stesheni ya Constitución, jukwaa la nne,
sanduku limefungwa kwa mshipi wa marehemu baba yako,
tikiti mbili za Bahía Blanca ndani ya glavu,
baridi ya Juni ikipanda kutoka kwenye reli
hadi magotini.

Mimi nilikuwa hatua mia mbili kutoka hapo,
mkahawani, meza ya pembeni, kahawa imekwisha poa,
nikihesabu mizani ya ubeti
juu ya mwanamume aliyeachwa.
Mstari wa mwisho uligoma.
Nikasema: dakika moja tu.
Nikasema: treni za nchi hii lini zimewahi kufika kwa wakati?
Ile ilifika kwa wakati.

Yaliyobaki niliyaandika kwa wepesi wa kutisha.
Huzuni ilikuwepo, ya kweli, bado inafuka moshi;
nilibadilisha tu jina la mkosaji.
Sciarra akaipokea karatasi, akaweka bandoneoni gotini,
akaivuta mikunjo, ikajaa pumzi
kama mtu aliyeamua kusema kweli,
kisha akaifunga.

Redio ikautwaa. Mabaharia wakauvusha hadi Montevideo.
Wanaume walioachwa kwa haki
wakapata wimbo wa kudai wameonewa.
Nami nikanunua kofia, nikanunua koti la sufi,
nikanunua saa ya mkononi. Mimi, saa!

Mwaka wa sita ikaja bahasha.
Barua hamna. Ndani mna ile karatasi ya muziki
iliyokuwa ikiuzwa vibandani kwa sentavo ishirini,
na pambizoni, kwa penseli, mwandiko wako
mdogo, umebanana kama mshono wa pindo:
Si usiku wa manane. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi.

Basi.
Viatu hukuvigusa.
Hukuligusa neno msaliti, nililokubandika
mara tatu katika kiitikio, mara nne nikiwa nimelewa.
Ulirekebisha saa peke yake,
kama fundi asiyeweza kumwachia mteja
koti lililopungua inchi,
hata mteja mwenyewe akiwa mwizi.

Nimeigeuza sentensi ile miaka thelathini.
Kuna siku naisoma kama hukumu.
Kuna siku, Mungu anisamehe, naisoma kama mwaliko,
navaa kofia, nafika kituo cha tramu, narudi.

Majuto ni mjukuu, husemwa.
Sisi hatukufika hata kwenye mtoto,
lakini mjukuu huyu anaijua anwani yangu.
Huja Jumapili mchana,
hupanda kitandani na viatu vyake,
huuliza kwa nini nyumba hii ina kikombe kimoja.

Kinyozi akanikung'uta shingo, akakataa pesa.
Aliyeandika yale, akasema, halipi hapa.
Nilisimama mlangoni, kofia mkononi,
nikahisi kitu kinanipanda kooni, pale wembe ulipopita,
nikamwambia: Saa mbili na dakika kumi.
Akatazama ukutani.
Hapana, mzee wangu, akasema,
ndiyo kwanza saa tano.